Watalii wa meli: kuna haja ya kuwakimbiza Tsavo kwa siku moja?

Mleta mada
Wadau, meli ya watalii hutia nanga bandari ya Kilindini, Mombasa, asubuhi na kuondoka jioni. Katikati hapo, msafara wa magari unapanda barabara ya Nairobi, unawapeleka wageni Tsavo Mashariki na kuwarudisha mbio kabla ngazi haijavutwa. Msimamo wangu: safari hizi zipunguzwe, wageni wa siku moja wapelekwe hifadhi ya Shimba Hills.

Lango la karibu, Bachuma, liko kama kilomita 100 kutoka Mombasa. Voi ni kama 160. Njia ni ileile ya malori ya bandarini, na kuyapita pale Maungu ni roho mkononi. Mgeni akifika ana saa chache tu ndani ya mbuga ya zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Dereva afanyeje? Akisikia redioni simba yuko bwawa la Aruba mbugani, anakanyaga mafuta, na wenzake vilevile, mpaka mnyama anakosa pa kupitia. Lawama humwangukia dereva, ilhali ratiba imepangwa na mtu aliyeketi melini.

Shimba iko Kwale, karibu zaidi, na barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya feri Likoni. Kuna tembo, kuna maporomoko ya Sheldrick, kuna palahala, aina ya swala, ambaye Kenya nzima hapatikani porini kwingine. Jirani yake ni Mwaluganje, hifadhi ya tembo iliyo kwenye ardhi ya wenyeji.

Dereva wa utalii, Mombasa
Ya barabara ni kweli tupu. Lakini ndugu yangu, mgeni hakuvuka bahari kuja kutazama palahala! Anataka simba na wale tembo wekundu kwa vumbi la Tsavo. Shimba unaweza kuzunguka asubuhi nzima ukatoka na picha za miti.

Na mmesahau enzi za maharamia wa Somalia, meli zilipotukimbia? Tulikaa vijiweni tukipiga miayo. Ziacheni zije. Kinachotuumiza ni namna kiti kinavyouzwa. Mgeni aliyelipia safari melini akichelewa, meli humngoja. Aliyeelewana nami kwenye geti la bandari akichelewa, imekula kwake. Kwa hiyo wengi wanalipia hukohuko, mimi naitwa kama kibarua, na bei aliyotozwa mgeni siambiwi.

Msomaji
Na treni ya SGR ya Mombasa–Nairobi je? Ipo tangu 2017 na inasimama Voi.

Dereva wa utalii, Mombasa
Ratiba yake haikupangwa kwa ajili ya meli.

Mkazi wa Voi
Nyinyi mnagombea wageni, sisi tunagombana na tembo shambani. Mbuga zimeshika zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu ya Taita Taveta. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, na kuna familia zimesubiri hadi zimechoka. Hao wa meli wanapita na chakula chao kwenye maboksi, hata chai hawanywi hapa. Wakihamishiwa Kwale, mimi sitalia.

Mleta mada
Dereva, hilo la meli kungoja ndilo lingejadiliwa kwanza, maana hata Kwale litamfuata mwenye gari. Mlioko bandarini: wakala wa meli hawezi kutakiwa awatambue wenye leseni wa hapa, ili mgeni wao naye angojewe?