Kuumwa kichwa mlimani, watu wa zamani walijua?

Mtu wa Mkomani
Asalam aleikum. Mwezi uliopita nlipanda Mlima Kenya, mimi mtu wa Lamu nimezoea bahari tu, usiku wa pili tukalala kama mita 4,200 kichwa kikaanza kugonga kama kuna mtu anatwanga kinu ndani, moyo ukanichafuka, hata chai ya tangawizi ya thamosi ilinishinda nikaimwaga nje. Asubuhi nikashushwa na nlivyoshuka tu nikapona. Sasa nauliza, wa kale waliyajua maradhi haya? Waliyaitaje?

Bint Shela
Pole sana kakangu. Waliyajua na wakayatia kwenye majina ya milima kabisa. Zaidi ya miaka 2,000 nyuma huko China afisa Du Qin alikua anapinga wajumbe kutumwa Jibin, pande za Kashmir, akasema njiani kuna Mlima Mkubwa wa Kuumwa Kichwa, na Mdogo wake, na Mteremko wa Homa, mtu anapata joto mwilini, rangi yamtoka, anatapika, na punda vilevile. Hilo la punda ndo lilonishika, punda sote twamjua, hasingizii ugonjwa.

Malindi kwetu
Kuna na padri Mhispania José de Acosta, kitabu chake cha 1590. Alipita Pariacaca huko Peru akatapika chakula, kohozi, nyongo ya manjano na ya kijani mpaka damu, akafananisha na kulewa bahari. Alafu akasema wanaopanda kutoka pwani ndo wanaumia zaidi, yani wewe kabisa. Akahisi hewa ya kule ni nyepesi mno kwa pumzi ya binadamu na hakukosea, 1878 Paul Bert wa Ufaransa akaonyesha mgandamizo wa hewa ukishuka oksijeni inayoingia mwilini inapungua. Oksijeni ni ile ile asilimia 21, lakini kileleni Kibo, juu ya Kilimanjaro, mgandamizo ni kama nusu ya hapa ufuoni.

Bint Shela
Na Rebmann, yule mmisionari Mjerumani, alipotoka Rabai 1848 akaona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia aliuita ule weupe "baridi" tu. Jina la kinachokufanya mwilini. Lakini Batian na Lenana, vile vilele vya Mlima Kenya, ni majina ya maloiboni, yani viongozi wa kiroho wa Kimaasai, Mwingereza Mackinder ndo aliyaweka 1899, hayakuonyi kitu.

Mtu wa Mkomani
Shukran sana. Kweli Lenana haikunionya. Nikirudi nalala kambi ya Met Station usiku mbili, mita 3,050, ndo niende juu.