Fundi kanigundishia sakafu ya pikapu kama meza ya sebuleni, sasa imetuna!

Wakuu, salaam. Huu uzi nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Picha siweki, maana kila nikisogea na simu nyuma ya lile gari naishia kutukana.

Gari ni Chevrolet 3100 ya 1951. Wanaozijua hizi gari wanajua kwamba sakafu yake ya nyuma si bati, ni mbao. Zinalala kwa urefu wa gari, kila zinapokutana mbili panapita mkanda wa chuma juu yake, na chini kuna mataruma ya chuma yanayokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Si pambo la watu wa maonyesho. Ndivyo zilivyotoka kiwandani, na hata pikapu za Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, nyingi zilitoka na mbao. Mzigo unateleza juu ya ile mikanda, mbao hazichubuki hovyo, na ubao mmoja ukioza unang'oa huo huo, unaweka mwingine, kazi inaendelea.

Zangu zilikuwa zimekwisha. Karibu na mlango wa nyuma ukibonyeza kwa kidole gumba, kinazama. Nikatafuta mbao za mwaloni mweupe zilizokaushwa kwenye tanuri, nikapeleka gari na mbao kwa fundi. Seremala, na mzuri tu, makabati yake nimeyaona kwa macho yangu. Mlango wa kabati lake unaufunga kwa kidole kimoja. Nikasema huyu ndiye. Kumbe nimempeleka mgonjwa wa meno kwa daktari wa macho!

Siku ya kumwachia gari nilimwambia mambo mawili tu. Mbao za zamani usitupe. Na katikati ya mbao uache mwanya. Mawili! Sikumwandikia kitabu.

Nilivyorudi siku ya tatu, za zamani hazipo.

"Zile? Zilikuwa takataka bosi, nimechemshia maji."

Kachemshia maji. Jamani, ubao uliooza wa gari la zamani ndio ramani yenyewe. Matundu ya boliti zinazoshika bodi, yaani sanduku la mzigo la nyuma, kwenye chasisi yako pale. Kona iliyokatwa kukwepa nguzo ya pembeni iko pale. Unaulaza juu ya ubao mpya, unachora kwa penseli, umemaliza. Bila huo unabaki unapima kutokea chini, umelala chali kwenye zege na tochi mdomoni, na kila ukikosea milimita tano umeharibu ubao mzima. Sasa mtu kaichukua ramani yangu kanywea chai.

Nikameza. Nikasema basi, tusonge mbele.

Zikaja boliti. Zilizokuwepo zilishikwa na kutu, hilo nakubali, hazifunguki kwa spana. Lakini kuna mafuta ya kulegeza kutu, kuna kupasha moto, na kama ni kukata, kakate nati kule chini. Yeye kapanda juu na grainda, kakata vichwa kimoja kimoja, cheche zinaruka mbele hadi kwenye kioo cha nyuma cha chumba cha dereva. Hata gunia la kufunika hakuweka. Wasiojua: zile cheche ni vipande vya chuma vya moto mkali, vikigonga kioo vinaingia na kukaa humo. Pitisha kiganja, utahisi kama msasa laini. Nilipomwonyesha alitemea mate kitambaa akaanza kukifuta, eti ni vumbi. Kioo kile kilidumu na hilo gari muda wote huo. Kimekufa kwa mchana mmoja.

Na bado sijafika kwenye sakafu yenyewe.

Sikilizeni jinsi hii sakafu inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo roho inaponiuma. Boliti za ile mikanda haziingii ndani ya mbao. Zinapita kwenye mwanya kati ya ubao na ubao. Ukingo wa kila ubao umechongwa kijingazi, mkanda unakaa juu ya vijingazi viwili, boliti inashuka kwenye mwanya, inakazwa chini ya taruma. Kwa hiyo mkanda unazibana mbao kwa kingo tu. Kila ubao uko huru kupanuka na kusinyaa chini ya mkanda wake, na huku juu wewe huoni kitu. Zinazotoboa mbao zenyewe ni zile chache zinazoshika bodi kwenye chasisi, na hata hizo tundu lake huachiwa nafasi.

Mbao haitulii. Ikivuta unyevu inapanuka, ikikauka inasinyaa, na inafanya hivyo kwa upana, kwa urefu karibu hakuna kitu. Chukua mwaloni uliotoka tanurini na unyevu wa asilimia 7, uuache nje mpaka ufike asilimia 13. Kwa ubao uliopasuliwa kawaida, upana unaongezeka kama asilimia 2. Ni kidogo? Sakafu ya mita 1.2 hiyo ni zaidi ya sentimita mbili! Sentimita mbili ziende wapi, wakati kushoto kuna ubavu wa chuma na kulia kuna ubavu wa chuma?

Huyu bwana aliziba mianya yote. Kapiga randa kingo mpaka zikawa kama kioo, kapaka gundi, kabana kwa vibano usiku kucha. Nilipofika asubuhi alikuwa anapitisha ukucha kwenye maungio, anatabasamu.

"Ona bosi, hata karatasi haipiti."

"Nilikwambia uache mwanya."

"Mwanya wa nini? Si maji yatapita?"

Maji YANATAKIWA yapite! Ni nyuma ya pikapu, si bakuli la supu. Nikamweleza, akaniangalia vile watu wanavyomwangalia mtoto anayeuliza kwa nini mwezi unatufuata. Akaniambia ana miaka mingi kwenye mbao. Na hapo nilikosea mimi, niseme ukweli: nilitakiwa kuondoka na gari saa ileile. Sikuondoka. Niliona aibu kubishana na fundi mbele ya vijana wake.

Sasa kama umeziba mwanya, boliti itapita wapi? Akatoboa palepale kwenye maungio aliyoyagundisha, tundu linaibana boliti kama glavu. Halafu boliti alizonunua zilikuwa nene kuliko za asili. Hizi boliti kichwa chake ni cha mviringo kama uyoga, shingo yake ni ya mraba, na tundu la kwenye mkanda ni la mraba, ili shingo ikae humo boliti isizunguke unapokaza nati. Shingo zilipokataa kuingia, akachukua drili akayatanua yale matundu yote yakawa duara. Yote! Mimi nimeligundua siku nilipolala chini na spana kukaza iliyolegea. Nazungusha nati, na kule juu kichwa kinazunguka nayo, taratibu, kama kinanicheka. Mke wangu alishika kichwa kwa koleo juu, mimi nikazungusha chini, kikamponyoka, koleo likaacha mkwaruzo kwenye vanishi. Hapo ndipo alipoondoka, na sikumlaumu.

Vanishi nayo. Kapaka juu tu, matabaka mangapi sijui, inang'aa unajiona uso. Chini mbao ni nyeupe pee, haijaguswa na brashi. Ncha za mbele na za nyuma hazijaguswa, wakati ncha ndiyo inayokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubao, maana ndipo mishipa ilipokatwa. Kwenye gari maji hayatoki mawinguni pekee, matairi yanayarusha kutoka chini. Sakafu kama hii unaipaka pande zote sita kabla hujafunga hata ubao mmoja, na ukitoboa tundu baadaye unalipaka nalo. Mimi binafsi ni mtu wa mafuta, vanishi ikishapasuka sehemu moja maji yanaingia chini yake na kutembea, ila tusigombane hapa kuhusu hilo, kila mtu na dini yake.

(Kabla hamjauliza kwa nini mwaloni mweupe: mwekundu mishipa yake iko wazi. Chukua kipande kifupi, chovya ncha moja kwenye maji, puliza ncha ya pili, utaona mapovu. Mweupe mishipa yake imejiziba, ndiyo maana unatengenezewa mapipa. Wote wawili lakini ukikutana na chuma kitupu kwenye unyevu unatoa madoa meusi, kwa hiyo mataruma yapakwe rangi kwanza. Yangu hayakupakwa. Bila shaka.)

Mvua ya siku tatu ikanyesha gari likiwa nje. Siku ya pili usiku nilisikia mlio kama mtu kavunja fimbo. Asubuhi nakuta sakafu imetuna katikati kama mgongo wa ngamia. Mikanda miwili imeinuka nayo, zile boliti zisizokazika zimening'inia. Mbavu za bodi zimesukumwa nje. Mlango wa nyuma haufungi, ndoano za minyororo hazifikii tena mahali pake. Na vanishi inang'aa vilevile.

Nikampigia. Hakuja. Alisema ni mvua. Nilipomwambia mvua zimekuwepo tangu Nuhu, akasema basi mbao nilizoleta zilikuwa mbovu. Nilipomuuliza kwa nini chini hakupaka, akajibu neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo: "Chini nani anaona?"

Nimeshaanza kuibomoa mwenyewe. Gundi yake, nimpe haki yake, ni nzuri mno, haiachii. Nimeamua kupasua kwa msumeno wa meza palepale kwenye maungio, nirudishe mwanya wa kama sentimita moja boliti ipite bila kugusa mbao, nichonge vijingazi upya. Upana utakaopungua nitaufidia kwenye mbao mbili za pembeni, hizo itabidi ninunue. Mikanda imekufa, matundu ya duara hayarudi kuwa mraba, labda nichomelee na kuchonga upya, na uvivu wangu naujua. Mbavu nimezivuta kwa kamba ya kukazia mizigo, zimerudi karibu zote. Pembe hadi pembe bado zinatofautiana milimita sita, na sitafunga boliti hata moja ya mwisho mpaka vipimo viwili vilingane.

NYONGEZA: Kwa mnaosema niweke plaiwudi niache makelele. Ni kweli plaiwudi haipanuki kama ubao. Kingo zake zikinyonya maji tabaka zinaachana, halafu pale mikanda inakaa juu ya nini? Hapana.

NYONGEZA 2: Jina la fundi sitataja, acheni kuniandikia inbox.

Ninachoomba ni hiki. Kama una 3100 ya miaka hiyo, bodi fupi, na mbao za asili bado zipo hata kama zimeoza, nipimie kutoka ncha ya mbele ya ubao hadi katikati ya kila tundu la boliti za chasisi, na kutoka ukingo wa ubao hadi tundu. Pima kwa tepu ya chuma, ile ya nguo inavutika. Na usizichemshie maji kabla hujanijibu.