Naomba ushauri: kibali cha utafiti ninacho, hospitali bado haijaniruhusu kuanza

Habari za majukumu, wakuu. Nasomea uzamili wa magonjwa ya watoto, na utafiti wangu unahusu lishe ya watoto wenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi). Kibali cha maadili ya utafiti kutoka chuoni, ambacho ni cha mwaka mmoja tu, nilikipata miezi minne iliyopita, lakini barua yangu ya kuomba kukusanya takwimu hospitalini bado haijajibiwa, na kila nikienda masijala karani hufungua daftari, huteremsha kidole hadi kwenye jina langu, kisha huniambia faili liko mezani kwa mkubwa. Madodoso niliyochapisha kwa fedha yangu yamelala chini ya kitanda. Je, nimwombe msimamizi wangu apige simu, au nitaonekana nimewaruka wakubwa? Na kibali kikiisha kabla sijaanza, huongezwa muda au naomba upya?