Lenzi ipi ya kudumu kwa hewa hii ya unyevu ya Mombasa?

Nina kamera ya Canon 800D na lenzi yake ya 18–55mm. Kazi ni harusi za ukumbini na picha za Mji wa Kale. Nataka lenzi nitakayobaki nayo hata nikibadilisha kamera. Kati ya aina mbili za lenzi za Canon, EF au EF-S?

— EF, ndugu. EF-S haiingii kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa kuliko chako) kama 6D; EF huingia, na kwa adapta hufanya kazi hata kwenye EOS R, kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani. Anza na 50mm f/1.8 STM. Ila kwa kihisi chako kidogo (sehemu ya kamera inayopokea picha) zidisha 1.6: itaona eneo jembamba kama 80mm, vichochoro vitakubana. Kwa hivyo hiyo 18–55 usiiuze.

— Ukinunua iliyotumika, mulika tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Achana nayo hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Hula mpako wa kioo.

— Ihifadhi kwenye kopo la mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na kipima unyevu: kisome 40 hadi 50%. Ukitoka ukumbi wenye eisii, iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 30, la sivyo kioo kitatoka jasho papo hapo.

Shukran. Silika zikishiba maji?

— Zile za chungwa hugeuka kijani. Zitie ovenini, nyuzi 120, saa mbili.