Kidude cha kunasa video kinagoma kwenye Windows 11: Code 10, shida ni draiva?

deki_na_kanda (Ngamiani, Tanga)
Wakuu, habari za muda huu. Nahamisha kanda za VHS za harusi kwenda kwenye kompyuta kwa kidude cha USB, kile chenye plagi ya njano, nyeupe na nyekundu pamoja na tundu la S-Video. Kwenye Windows 7 ya biti 32 kinapiga kazi vizuri. Kwenye Windows 11, Device Manager inaweka alama ya njano na kuandika "This device cannot start. (Code 10)". OBS, programu ya kurekodia video, haikioni kabisa. Draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, imetoka kwenye CD yake. Kimekufa au?

fundi_chumbageni
Kama Windows 7 inakisoma, ni kizima. Weka CD pembeni. Windows 11 ni ya biti 64 tu, draiva ya biti 32 haiingii hata uibembeleze. Pia usitafute draiva kwa jina lililochapwa kwenye ganda. Ganda lilelile hutoka na chipu tofauti tofauti, na draiva ya chipu nyingine ukiilazimisha ndiyo inazaa Code 10.

Bofya kulia kwenye kifaa hicho, Properties, Details, kisha chagua Hardware Ids. Linganisha (VID ni namba ya mtengenezaji, PID ni ya kifaa, na jina linalofuata ni la chipu):

VID_1B71&PID_3002: UTV007
VID_05E1&PID_0408: STK1160
VID_EB1A&PID_2861: familia ya EM2860
VID_1C88&PID_0007: Somagic

Kabla ya kuweka draiva nyingine, ing'oe iliyopo: Uninstall device, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kuondoa draiva. Bila tiki faili la inf (lenye maelekezo ya kusakinisha draiva) linabaki, ukichomeka tu Windows inalirudisha lilelile. Chomoa kidude, washa kompyuta upya, sakinisha draiva ya biti 64, ndipo uchomeke.

sauti_na_picha
Naongezea: usipitishe kwenye habu, kile kigawanya matundu ya USB. Picha ya PAL (mfumo wa video wa kanda za kwetu) ya 720×576, fremu 25 kwa sekunde, isiyobanwa, inakula karibu MB 21 kila sekunde. USB 2.0 kwa kazi halisi haifiki hata MB 45, kwa hiyo ukiweka hata diski ya nje kwenye habu hiyohiyo, fremu zinaruka na watu wanalaumu draiva bure. Chomeka tundu la nyuma, moja kwa moja kwenye bodi.

deki_na_kanda
Asante wakuu. Namba ni VID_05E1&PID_0408. Draiva ya biti 64 imeingia, lakini sasa inasema Code 39.

fundi_chumbageni
Umesogea hatua. Code 39 ni kwamba Windows imeshindwa kuipakia draiva: ama faili lina kasoro, ama limezuiwa. Kwa draiva za zamani mara nyingi anayezuia ni Memory integrity, ulinzi wa Windows unaokagua draiva, iko Windows Security, Device security, Core isolation. Ukiizima na kuwasha upya, kuna uwezekano mkubwa itapanda. Ila huo ni ulinzi wa kompyuta yako. Kama mashine hiyohiyo unafanyia miamala ya benki, mimi nisingeizima.

pwani_linux
Kuna njia isiyogusa ulinzi. Choma Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta kupitia flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Draiva za STK1160, UTV007 na EM2860 zimo ndani ya kerneli yenyewe (kiini cha Linux), hakuna cha kupakua. Wa Somagic msiifuate njia hii, ile chipu inataka kupakiwa fimwea (programu ya ndani ya kifaa) kwanza.

Andika lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) kwenye terminali, uone 05e1:0408. Weka OBS, ongeza kifaa cha video, Video Standard iwe PAL, kwa sababu kanda za hapa kwetu karibu zote ni PAL. Ukiacha NTSC, mfumo wa Marekani, picha inapanda na kushuka au inakosa rangi. Hifadhi kwenye diski ya nje, la sivyo ukizima kompyuta video inapotea. Ingizo likiwa Composite0 na picha ni nyeusi, jaribu Composite1 hadi Composite3 kabla ya kugusa waya. Bado nyeusi? Toa kanda, uangalie kama menyu ya deki inaonekana. Isipoonekana, pangusa plagi ya njano kwa spiriti. Chumvi ya Tanga inakula hizo plagi haraka.