Nasahau mambo madogo kila siku: ni uchovu tu, au ni mwanzo wa ugonjwa?

Mama wa Wawili (muulizaji)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nina miaka 43, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi usahaulifu wangu umeanza kunikosesha raha. Naweka funguo mahali kwa mkono wangu mwenyewe, na baada ya dakika kumi nazitafuta nyumba nzima. Naingia chumbani kufuata kitu, nikifika nasimama katikati bila kujua kilichonileta. Jina la mtu ninayefanya naye kazi kila siku linanitoka wakati namtambulisha kwa mgeni, kisha linakuja lenyewe saa mbili baadaye nikiwa nafua nguo.

Hayo ningeyavumilia. Lililonifanya niandike ni la wiki iliyopita. Mwanangu mdogo alikuwa anatumia dawa ya maji mara tatu kwa siku, na asubuhi moja, nikiwa nimekwisha kuvaa kwenda kazini, sikuweza kukumbuka kama nilikuwa nimempa dozi ya asubuhi au bado. Kijiko kilikuwa kimelowa, lakini nilikuwa nimetoka kuosha vyombo vyote kwa pamoja. Niliishika chupa mbele ya dirisha nikijaribu kuona kama dawa imepungua, nisijue imepungua kutoka wapi. Niliogopa kumpa mara mbili, na niliogopa kumkosesha. Mtoto mwenyewe ana miaka mitatu. Nilipomuuliza kama amekunywa alijibu ndiyo, na nilipomuuliza kama hajanywa alijibu ndiyo vilevile.

Mama yangu mzazi alipoteza kumbukumbu katika miaka yake ya mwisho, akafikia hatua ya kutonitambua. Naomba mnieleze bila kunificha: hivi ndivyo unavyoanza ugonjwa ule? Na kama sivyo, ninyi mnafanyaje ili siku ipite bila jambo la maana kuwaponyoka?

Muuguzi wa Wazee

Pole sana, dada. Nimewahudumia wazee waliopoteza kumbukumbu kwa miaka mingi, na naelewa kwa nini yaliyompata mama yako yanakufanya uone kila ufunguo uliopotea kuwa ni dalili.

Nianze na dawa ya mtoto, kwa sababu ndipo jibu lilipo. Tendo unalolifanya kila siku kwa namna ileile, mahali palepale, huku mawazo yako yako kwenye saa na nguo za kazini, halihifadhiwi kichwani kama tukio la siku hiyo. Mkono umefanya, akili haikuwapo. Unapojaribu kukumbuka unaiona picha ya kumpa mtoto dawa, lakini huwezi kujua ni ya leo au ya juzi, kwa kuwa zote zinafanana. Kwa hiyo mara nyingi tunachokiita kusahau ni jambo ambalo halikuingia tangu mwanzo, na hata kumbukumbu iliyo nzima kabisa haiwezi kutoa kisichowekwa. Funguo zako ni habari hiyohiyo.

Ninachokuwa macho nacho kazini ni kingine. Mtu anayesahau alipoweka funguo hanitishi. Anayezishika mkononi akawa hajui ni za kufanyia nini, huyo namwita daktari. Vivyo hivyo anayeuliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja bila kujua kwamba amekwisha kujibiwa, anayepotea kwenye njia aliyoipita miaka mingi, au anayeshindwa kufuata hatua za kazi aliyokuwa akiifanya bila kufikiri. Mara nyingi watu wa karibu hulitambua tatizo kabla ya mwenyewe, kwa hiyo waulize wanaoishi nawe. Ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu za wazee polepole, kwa walio wengi huanza baada ya miaka 65. Kuwa na mzazi aliyeugua huongeza uwezekano kwa kiasi fulani, lakini hakuamui kwamba na wewe utaugua.

Hata hivyo nenda ukapimwe, maana zipo sababu za usahaulifu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni inayofanya kazi chini ya kiwango, sonona, kukatika kwa pumzi usingizini, na hata baadhi ya dawa za mzio zile zinazoleta usingizi. Unalala saa ngapi kwa usiku? Ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana wakati tumelala, na mtu asiyelala vya kutosha hupata hasara mara mbili: mchana umakini wake ni hafifu, na usiku kile kidogo kilichoingia hakipati nafasi ya kutulia.

Na siku nyingine ukiwa na shaka kuhusu dozi, usirudie kwa kubahatisha; mpigie mfamasia au mtaalamu aliyekuandikia.

Mwalimu Mstaafu

Muuguzi ameeleza vizuri, nami nitaongeza kwa upande wa kujifunza, ambao ndio uliokuwa kazi yangu.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima alichobaki nacho baada ya muda mbalimbali. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea ndani ya saa ya kwanza, na baada ya hapo upotevu huenda polepole. Nimeona wanafunzi wengi wakijiona wajinga kwa sababu ya jambo ambalo ni kawaida ya ubongo wa kila mtu. Jina la mtu mgeni ni kama silabi hizo: halielezi sura yake wala kazi yake, kwa hiyo halina pa kujishikiza. Ukitajiwa jina, litumie palepale katika sentensi, kisha baada ya dakika chache jiulize kimoyomoyo, "Yule anaitwa nani?" Kule kujiuliza na kulitafuta ndiko kunakolikaza, kuliko kulisikia tena mara kumi.

Kuhusu kusimama katikati ya chumba, Gabriel Radvansky na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti mwaka 2011 ulioonyesha kwamba watu husahau zaidi wanapopita mlangoni kuliko wanapotembea umbali uleule ndani ya chumba kimoja, kana kwamba akili hufunga ukurasa kila inapovuka kizingiti. Wengi hushauri mtu arudi alikotoka ili akumbuke, lakini katika majaribio hayo kurudi hakukuwasaidia washiriki. Kwa sababu hiyo mimi nalitaja jambo kwa sauti ninapovuka mlango: "Mkasi, mkasi." Mjukuu wangu amelizoea, na siku hizi hunimalizia.

Lakini nililo na hakika nalo zaidi kwa maisha ya kila siku ni hili: usijiambie "nisisahau kupeleka barua", kwa sababu agizo hilo halina saa wala mahali. Jiambie "nikishika kitasa cha mlango kutoka nje, natazama kama barua iko mkononi." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika kuhusu mipango ya namna hii mwaka 1999, na siri yake ni kwamba kitasa ndicho kinachokukumbusha. Huna haja ya kulibeba jambo kichwani siku nzima, na barua yenyewe ukiitundika kwenye kitasa, ni bora zaidi.

Mhasibu

Nakubaliana na waliotangulia, ila nina tahadhari kuhusu simu. Niliwahi kuweka kengele kumi na moja kwa siku, na baada ya wiki mbili nikawa nazizima bila hata kusoma zilichoandikwa. Kosa langu lilikuwa kuziweka kwenye saa ambazo sikuweza kufanya lolote: kengele ya kulipa bili inalia niko barabarani, naizima, na jambo limekwisha. Sasa nimebaki na tatu, kila moja kwa saa ambayo najua nitakuwa nimekaa mezani, na siizimi mpaka kazi iwe imefanyika. Mengine yote yako kwenye daftari moja dogo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi naona dakika za siku ni mali vilevile. Liwe moja tu, maana karatasi kumi zilizotawanyika ni vitu kumi vya kutafuta.

Mama wa Wawili

Nawashukuru kutoka moyoni. Nina swali moja lililobaki: nikiandika kila kitu, sitaidhoofisha kumbukumbu yangu hata hicho kidogo kikaondoka?

Muuguzi wa Wazee

Hapana, dada. Dozi za dawa na tarehe za kulipa hazihitaji kukaa kichwani. Zinahitaji kutokosewa tu, na karatasi haichoki. Kumbukumbu ifanyishe kazi kwenye majina ya watu na yale unayojifunza, kama Mwalimu alivyoeleza. Usijisumbue sana na michezo ya simu inayodai kunoa ubongo, kwani mtu huwa hodari katika mchezo wenyewe, na funguo zake zinaendelea kupotea.

Mama wa Wawili

Nimebandika karatasi yenye mistari juu ya rafu ya dawa, na kalamu nimeifunga kwa uzi ili isiondoke. Natia alama mara tu kijiko kinapotoka mdomoni mwa mtoto, kabla ya kufunga chupa. Jana jioni wasiwasi ulinijia tena, nikaenda nikakuta alama zote tatu, nikarudi kulala. Na lile swali la usingizi, muuguzi, limenifungua macho: tangu mtoto huyu azaliwe silali zaidi ya saa tano, na karibu kila usiku nakunywa kidonge cha mzio. Nitamwona daktari Jumatano. Jina la kidonge nimeliandika, na karatasi yenyewe nimeiingiza kwenye kiatu nitakachovaa siku hiyo.