Mwaka wa pili Umeme wako makwao wiki 6: taarifa na maabara mnazipangaje?

Mratibu_Saketi
Wakuu, heshima kwenu. Darasa ni la mwaka wa pili, Uhandisi wa Umeme, wanafunzi 140. Wiki 6 za muhula huu watasomea makwao, wengine mahali ambapo mtandao ni wa kupanda kilimani. Tuna Moodle (mfumo wa kozi mtandaoni), barua pepe ya chuo na makundi ya WhatsApp, kila somo na lake. Naomba msaada kwenye mambo matatu. Taarifa ikibadilika, nusu ya darasa inapata na nusu inaapa haijaiona. Vipindi vya moja kwa moja tuviendeleze au tuviache? Na maabara ya saketi, LTspice (programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta) peke yake inatosha?

Kron_Haijalala
Nianze na taarifa. Tangazo rasmi liwe na nyumba moja: jukwaa la Matangazo ndani ya Moodle, ambako kila aliyesajiliwa kwenye kozi anaunganishwa bila kuombwa. WhatsApp ibaki kengele tu. Kundi moja la darasa, wanaoandika ni wasimamizi pekee, CR (kiongozi wa darasa) anabandika mistari miwili na kiungo. Maswali na utani vipewe kundi lao, maana tangazo la saa 3 asubuhi likifuatwa na "asante sana mkuu" themanini, mchana halionekani tena.

Kuna mtego hapa. Kwa mpangilio wa kawaida Moodle husubiri dakika 30 kabla ya kutuma barua pepe ya tangazo, ili mwandishi apate nafasi ya kusahihisha. Ukiahirisha kipindi zikiwa zimebaki dakika 20, barua itafika kipindi kimeshaanza. Unapoandika tangazo kuna kisanduku cha kutuma bila kusubiri, kitie tiki. Na kama kron ya seva (programu inayoendesha kazi zake kwa ratiba) imesimama, barua hazitoki kabisa, kwa hiyo waulize TEHAMA kwanza kabla ya kuwalaumu vijana.

Ujumbe wa wiki uwe na sura ileile kila Jumapili jioni:

*SAKETI, WIKI YA 3. Soma: kurasa 41–58. Sauti: faili 4, jumla MB 14. Kazi: maswali 3 na 5, mwisho Ijumaa saa 2 usiku (20:00). Maswali ya moja kwa moja: Jumatano saa 10 jioni (16:00). Kilichobadilika: jaribio la kwanza limehamia Jumanne ya wiki ya 4.*

Mstari wa "kilichobadilika" usiuruke hata siku moja. Kama hakuna, andika "hakuna". Ukubwa wa faili nao utaje, mtu wa bando la siku anaupangia. Na usiweke kikomo "Ijumaa saa 6 usiku": mmoja ataelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwingine wa kuamkia Jumamosi, na wote watakuwa na hoja. Moodle ina tarehe mbili, ya kukusanya na ya kufunga kabisa. Ya kufunga iweke saa 48 mbele. Atakayechelewa atapokelewa, na mfumo utaonyesha kachelewa kiasi gani.

Volti_na_Bando
Kuhusu vipindi, piga hesabu. Video ya kbps 500 inakula MB 225 kwa saa (500 ÷ 8 × 3600 ÷ 1000). Sauti ya kbps 32 ni MB 14.4. Kwa hiyo mhadhara uwe sauti pamoja na PDF yenye namba za kurasa, na mhadhiri aseme "sasa fungua ukurasa wa 7, tazama nodi B". Kama tayari una video:

`ffmpeg -i kipindi.mp4 -vn -ac 1 -c:a libopus -b:a 32k kipindi.ogg`

Kata vipande vya dakika 15. Kipindi cha moja kwa moja kiwe cha maswali tu, kamera zimezimwa.

Majaribio ya Moodle yenye kikomo cha dakika ni hatari: umeme ukikatika, saa inaendelea kuhesabu. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu kufanya jaribio bila intaneti, ila jaribio hilo lazima lisiwe na kikomo cha dakika.

Fundi_Bredibodi
LTspice haitoshi. Mle ndani rezista ni kamilifu, waya haulegei na mita haiingilii saketi. Mpe kila mmoja bahasha: bredibodi (ubao wa kuchomeka saketi bila kulehemu), multimita ya aina ya DT830, betri ya 9 V na kishikio chake, rezista za 1, 10 na 100 kΩ, kapasita ya 1000 µF 16 V, LED mbili, nyaya.

Jaribio la kuchaji: 10 kΩ na 1000 µF, τ (R × C, kipimo cha kasi ya kuchaji) ni sekunde 10. Apime betri kwanza, kisha asome volti za kapasita kila sekunde 5 mpaka sekunde 50. Kwa 9.0 V, kwenye sekunde ya 10 atarajie karibu 5.7 V. Akipata τ ya 11.5 usimkate alama, kapasita hizi huruhusiwa kupotoka asilimia 20. Upande wa hasi una mstari ubavuni. Ikigeuzwa huvimba.

Sasa abadilishe rezista iwe 100 kΩ. Volti itagoma karibu 8.2 na haitafika 9, kwa sababu mita hiyo ina ukinzani wa ndani wa 1 MΩ: 9 × 1 ÷ 1.1. Swali la ripoti ndilo hilo, na LTspice haikuonyeshi mpaka uichore mita mwenyewe.

Kosa la kila muhula: swichi ya mita iko kwenye mA, anagusisha betri moja kwa moja, fyuzi inakwenda. Volti zinasomeka, mkondo ni sifuri, anadhani saketi ndiyo mbovu. Weka fyuzi ya akiba. Umeme wa ukutani ni marufuku, mota na transfoma zisubiri chuoni.

Mratibu_Saketi
Shukrani wakuu. Na aliyenyamaza wiki mbili nitamjuaje kati ya 140?

Kron_Haijalala
Ukurasa wa washiriki una kichujio cha siku ambazo mtu hajaingia kwenye kozi. Kila Jumatatu chuja wa siku 7, wagawie wakufunzi, wapigiwe simu ya kawaida, barua pepe usiitegemee hapo. Uliza kwanza simu nzima ipo, bando lipo, nenosiri linakubali. Hilo la mwisho hudharauliwa: kiungo cha kubadili nenosiri la Moodle hutumwa kwenye barua pepe ya chuo, na kama barua pepe inatumia nenosiri lilelile alilolisahau, milango yote miwili imefungwa. TEHAMA wawe na namba ya SMS ya kazi hiyo, na iandikwe juu ya bahasha ya vifaa.